Ndimu za Siku ya Kutabaruku

Mifuko ya saruji ilikuwa imepangwa mpaka kwenye ngazi ya altare, imefunikwa turubai, na juu ya turubai fundi mmoja alikuwa ameacha karai na mwiko wake. Kanisa la zamani la kigango chetu limekuwa stoo kwa miezi minane sasa, tangu ujenzi wa jipya uanze ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyeuliza. Maswali yalianza siku alipokuja mtu wa mjini na ahadi ya kodi nono: anataka jengo la zamani alifanye ukumbi wa harusi, apake rangi, aweke feni na spika. Kamati ya ujenzi ina deni la mabati. Ilivyogawanyika, msomaji anaweza kukisia mwenyewe.

Mimi ni katibu wa kamati hiyo. Katika daftari la muhtasari nimeandika kwamba suala la kanisa la zamani lilijadiliwa, likaahirishwa. Mazungumzo yenyewe yalifanyika barazani kwa Bibi, jioni, chai ya tangawizi ikizunguka, na hayakuingia daftarini. Nayaweka hapa. Majina nimeyaacha, vyeo vinatosha. Padre ni paroko wetu, aliyesomea sheria za Kanisa kabla ya kurudishwa parokiani. Wakili ni kijana wa hapa hapa, mweka hazina wa kamati. Karani ni jirani yetu Mwislamu, mstaafu wa mahakama. Aliitwa kwa sababu shamba lake linapakana na kiwanja, akabaki kwa utamu wa maneno. Bibi ndiye mwenye baraza.

WAKILI: Shikamooni wazee wangu. Nianze na lililo wazi. Kiwanja ni cha jimbo, hati iko kwa wadhamini waliosajiliwa. Jengo liko juu ya kiwanja. Mwenye mali akitaka kukodisha, anakodisha. Mkiniambia jengo limewekwa wakfu, nionesheni karatasi. Nimepekua kabati lote la parokia. Vitabu vya ubatizo vipo, vya ndoa vipo, hata risiti za misumari zipo. Hati ya kutabaruku hakuna.

PADRE: Karatasi tutaifikia. Kwanza hilo la mwenye mali. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1171, inasema kitu kilichotengwa kwa ibada kiheshimiwe na kisitumike kwa mambo ya kidunia, hata kama ni mali ya mtu binafsi. Baba yako akikuachia kalisi, kalisi ni yako. Kuinywea bia huwezi.

WAKILI: Mali ambayo siwezi kuifanyia nitakalo ni mali gani sasa, Baba Paroko?

KARANI: Swali hilo lilijibiwa zamani, mwanangu, na jibu lake mnalitamka kila Jumapili bila kulisikia. Mnasema "kuweka wakfu". Neno ni letu. Asili yake ni kusimama, kusimamisha. Omar bin Khattab alipata shamba zuri Khaybar, akamwendea Mtume amshauri. Akaambiwa ashikilie shina na atoe matunda sadaka. Tangu hapo shamba halikuuzwa, halikutolewa zawadi, halikurithiwa. Limesimama. Mimi nimekaa miaka mingi nikinakili mashauri ya mirathi, na nakuambia, warithi wote wakorofi wanagombana na neno hilo moja. Misahafu ya zamani ilikuwa inaandikwa "wakfu" juu ya kurasa, mwizi wa vitabu asipate pa kuuzia.

PADRE: Na Wakristo walipotafsiri Biblia walilichukua hivyo hivyo. Katika Union Version, Akani kule Yeriko anachukua kitu kilichowekwa wakfu, na jamaa yake yote inaangamia naye. Nguo, fedha na dhahabu, vitu ambavyo mtu angevaa au angetumia sokoni. Kosa lake ni kukirudisha mkononi mwa mtu kitu kilichokwisha toka.

WAKILI: Lakini sisi Wakatoliki wa huku tunasema pia "kutabaruku". Yaani kanisa linatabarukiwa, askofu anawekwa wakfu, mkate unapata mageuzo. Kilatini kina neno moja, sisi tuna matatu. Tunazungumzia kitu kimoja au vitatu?

PADRE: Swali zuri, na hata Roma imelihangaikia. Mkusanyo wa kwanza wa sheria, wa mwaka 1917, ulitumia neno lile lile la wakfu kwa kanisa, kwa altare, kwa kalisi na kwa askofu. Dalili yake kubwa ilikuwa mafuta matakatifu, na kisichopakwa kilikuwa kimebarikiwa tu. Mwaka 1977 ikatoka ibada mpya ya kutabaruku kanisa na altare, na ule Mkusanyo wa 1983 tunaoutumia leo ukafuata lugha hiyo. Mahali panatabarukiwa au panabarikiwa. Neno la wakfu limeachiwa zaidi watu, na mkate na divai.

Hapa nichomeke langu. Nimekua nikidhani kuweka wakfu ni kuongeza kitu, kama fundi anavyoingiza umeme kwenye nyumba: jana ilikuwa giza, leo kuna kitu ndani ya ukuta, usiguse. Mahubiri mengi yanapita njia hiyo. Lakini kadiri Padre alivyotaja kanuni zake, nilianza kusikia hesabu ya kutoa. Kila kanuni inamtaja mtu na inamwambia kitu ambacho hawezi tena. Mwenye kalisi hawezi. Paroko hawezi. Kamati ndiyo kabisa. Karani, ambaye hajawahi kukaa kwenye Misa, aliliona hilo kabla yangu.

KARANI: Basi mkubali na la pili. Kilichosimama kimesimama. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wa pwani hii, msikiti ukianguka, paa likaenda, watu wakahama, ardhi ile ni msikiti mpaka Kiyama. Nenda Kaole karibu na Bagamoyo. Hakuna paa pale, hakuna safu ya waumini, kuna mawe na watalii. Kwa sheria ni msikiti. Wahanbali wao huruhusu wakfu ulioharibika kuuzwa ili kinunuliwe kingine mahali pake. Sisi hapana.

PADRE: Hapo ndipo njia zetu zinaachana, mzee wangu. Kwetu jengo linaweza kurudi. Kanuni ya 1212: mahali patakatifu panapoteza kutabarukiwa kwake iwapo sehemu kubwa imebomoka, au iwapo pamegeuzwa moja kwa moja kuwa pa matumizi ya kidunia, kwa amri ya mwenye mamlaka au kwa tendo lenyewe.

WAKILI: Kwa tendo lenyewe! Asante. Miezi minane ya saruji. Tendo limeshatendeka, Baba. Tunabishana juu ya godauni.

(Bibi aliweka kikombe chini kwa sauti. Sote tukanyamaza kidogo.)

PADRE: Umeruka neno. Moja kwa moja, yaani kwa kudumu. Saruji ni ya muda, ujenzi ukiisha inaondoka. Ila ukiniuliza nani aliruhusu saruji iingie, nitakwambia hakuna. Kanuni ya 1210 inasema ndani ya mahali patakatifu paruhusiwe tu yale ya ibada, uchaji na dini. Matumizi mengine yasiyopingana na utakatifu wa mahali anayaruhusu mkubwa wa jimbo, kwa kila shauri. Sikumwandikia. Nilipita mlangoni, nikaona mifuko, nikasema mvua inakuja. Hilo ni kosa langu na nitaliandika kwenye barua.

WAKILI: Na kodi?

PADRE: Kanuni ya 1222. Jengo likiwa halifai tena kwa ibada na halitengenezeki, askofu anaweza kuliachia matumizi ya kidunia yasiyo ya aibu. Kama sababu ni nyingine, lazima asikilize kwanza halmashauri ya mapadre, apate ridhaa ya wenye kudai haki juu ya kanisa, na ahakikishe roho za watu hazidhuriki. Angalia majina yaliyotajwa. Askofu, halmashauri, wenye haki. Paroko hayumo. Mweka hazina hayumo.

KARANI: "Yasiyo ya aibu" ni yapi hayo? Harusi ina aibu?

PADRE: Harusi haina. Shida ni saa nane za usiku baada ya harusi.

Tulicheka, na Karani akapata upenyo wa kurudi kwenye hoja yake. Alitukumbusha Ayasofya ya Istanbul. Julai 2020 mahakama ya juu ya masuala ya utawala ya Uturuki ilifuta uamuzi wa baraza la mawaziri wa mwaka 1934 uliolifanya jengo lile makumbusho. Hoja iliyoshinda ilikuwa ya wakfu: jengo ni la wakfu wa Sultani Mehmed wa Pili, aliyeuteka mji mwaka 1453, na hati ya wakfu imesema msikiti. Hakuna serikali inayoweza kusema vingine. Ndani ya wiki mbili watu wakaswali Ijumaa.

PADRE: Na kabla ya 1453, mzee? Lile lilifunguliwa kuwa kanisa mwaka 537. Wakfu wa miaka zaidi ya 900 ulikwenda wapi?

KARANI: Ulikwenda na upanga, sikatai. Lakini niambie wewe kwa sheria yako. Leo ni kanisa au si kanisa?

PADRE: Sheria yangu ni ya Kanisa la Kilatini, Waorthodoksi wana ya kwao. Ila ningeipima kwa 1212, jibu ni chungu. Limegeuzwa kwa tendo, kwa kudumu. Halina tena kutabarukiwa. Nina la kuhuzunika, sina la kudai.

Nilimtazama Padre wakati anasema hayo. Ni jibu lililomgharimu, na sijui wangapi kati yetu tungelitoa mbele ya jirani wa dini nyingine. Lakini ndivyo sheria yake ilivyo: inakubali kwamba dunia inaweza kushinda jengo. Ushindi wa nguvu unahesabiwa kama mvua na mchwa wanavyohesabiwa. Wakfu wa Karani haukubali kushindwa, unakubali kudhulumiwa tu, na aliyedhulumiwa anaweza kusubiri hata karne tano.

WAKILI: Sawa, jengo linarudi. Mtu je? Padre akivuliwa, anakuwa raia wa kawaida kama mimi?

PADRE: Anavuliwa hadhi ya ukleri, wajibu na haki zake. Daraja yenyewe, kanuni ya 290, ikishapokelewa kihalali haiwi batili kamwe. Chukua mfano. Basi limepinduka Kabuku usiku. Ndani yumo mwalimu wa sekondari ambaye zamani alikuwa padre, ana mke na watoto watatu. Pembeni yake mtu anakata roho, anataka kuungama. Kanuni ya 976 inasema padre yeyote, hata asiye na ruhusa yoyote, anamwondolea kihalali dhambi zote mtu aliye katika hatari ya kufa. Mwalimu yule anainama pale kwenye vioo, anasema maneno, na yanafanya kazi. Kesho yake anarudi kufundisha hesabu.

BIBI: Na mkewe anajua?

PADRE: Mkewe anajua, Bibi.

WAKILI: Kwa hiyo mawe mnaweza kuyarudisha, mtu hamuwezi. Ajabu. Ningedhani jiwe ndilo gumu.

KARANI: Na yule askofu mkuu wa Zambia, Milingo? Aliwaweka wakfu watu wake huko Marekani.

PADRE: Septemba 2006, Washington, wanaume wanne wenye wake. Kanuni ya 1013 inamkataza askofu kumweka mwingine wakfu bila agizo la Papa. Adhabu, iliyokuwa kanuni ya 1382 na tangu marekebisho ya 2021 ni 1387, ni kutengwa kunakompata mtu papo hapo, anayetoa na anayepokea. Vatican ikatangaza kwamba haitambui uwekaji ule na haitautambua. Lakini linganisha na Askofu Mkuu Lefebvre, Juni 1988, Écône kule Uswisi. Naye aliweka maaskofu wanne bila agizo, naye alitengwa pamoja nao. Uaskofu wa wale wanne haukukanushwa. Mwaka 2009 wale wanne waliondolewa adhabu, na hakuna aliyewawekea mikono upya. Haramu ni kitu kimoja, batili ni kingine.

WAKILI: Kwenye mikataba tunalo hilo.

PADRE: Mnalo. Sisi tunalo kwa uchungu zaidi. Chukua mageuzo, ambayo nayafanya kila asubuhi. Kanuni ya 927 inanikataza, hata katika dharura kubwa kabisa, kugeuza mkate bila divai, au vyote viwili nje ya Misa. Uwezo ninao. Sheria inasema mahali pekee na namna pekee ya kuutumia. Aliyewekwa wakfu ndiye aliyefungwa kuliko wote.

Jua lilikuwa limezama. Bibi aliwasha taa, akauliza kitu ambacho nusu saa nzima hakuna aliyekikumbuka: vipi kuhusu altare?

Altare ya kanisa la zamani ni bamba moja la jiwe juu ya nguzo nene ya matofali. Padre alisema Mkusanyo wa 1917 ulikuwa mkali hapo, kwamba bamba la altare isiyohamishika likitenganishwa na nguzo yake, hata kwa kitambo kidogo, wakfu umekwisha. Wa sasa umelegeza upande mmoja na kukaza mwingine. Kanuni ya 1238: kanisa likiachiwa matumizi ya kidunia, altare haipotezi kutabarukiwa kwake. Jengo linaweza kuwa ukumbi, bamba linabaki takatifu katikati ya meza za maharusi, mpaka lenyewe livunjike au ligeuzwe.

WAKILI: Kama lilitabarukiwa. Tunarudi kwenye karatasi. Kubariki ni jambo moja, kutabaruku jingine, umesema mwenyewe. Labda askofu alinyunyiza maji tu, akala wali, akaondoka.

PADRE: Sheria inataka hati iandikwe, nakala moja jimboni na nyingine kwenye kumbukumbu za kanisa, kanuni ya 1208. Za jimboni nitauliza. Lakini kanuni inayofuata, 1209, inasema kutabaruku au kubariki kunathibitishwa vya kutosha na shahidi mmoja asiyetiliwa shaka, mradi hakumdhuru mtu.

WAKILI: Mmoja?

KARANI: Kwetu ningekuomba wawili. Ila endelea.

BIBI: Mimi nilikuwepo. Mwaka wanajeshi walipokuwa wanarudi kutoka Uganda. Padre mzungu wa wakati ule alinituma kwa Mpemba dukani, nilete mkate na ndimu sita. Nikamwambia Padre, mkate nimeelewa, ndimu za nini, samaki wenyewe hatuna leo. Akasema za Askofu.

PADRE: Za mikono.

BIBI: Za mikono. Alikunja mikono mpaka huku, akavaa kitambaa cheupe kama mpishi. Akamwaga mafuta kwenye lile jiwe, akayasambaza kwa kiganja, polepole, yakawa yanang'aa. Harufu yake nilikaa nayo siku mbili. Kisha akaenda ukutani, hapa, hapa, hapa na hapa, akapaka misalaba. Halafu akachoma ubani juu ya jiwe, moshi ukapanda, watoto wakakohoa. Mimi ndiye niliyeshika bakuli. Akasugua mikono na ndimu na mkate.

WAKILI: Bibi, samahani. Ndimu hutumika pia siku ya kipaimara. Askofu anapaka mafuta vijana mia, lazima aoshe mikono. Huenda unachanganya siku mbili.

Lilikuwa swali la haki, na Wakili aliliuliza kwa adabu. Padre alitikisa kichwa kukubali: kubariki kanisa hutosha maji, mafuta ya Krisma hayahitajiki, kwa hiyo ndimu ndizo zilizobeba ushahidi wote. Bibi hakukasirika. Alihesabu kwa vidole.

BIBI: Kipaimara kilikuwa mwaka uliofuata, mwanangu wa kwanza alikuwamo. Siku hiyo ndimu alileta mama mwingine, marehemu sasa, na alileta malimau makubwa, Askofu akasema yanafaa kuliko zangu. Sijamsamehe mpaka leo.

Karani alicheka mpaka akajifuta macho. Alisema mahakamani alikokaa, shahidi anayekumbuka chuki yake ndogo ni wa kuaminiwa kuliko anayekumbuka tarehe.

Padre aliniomba karatasi. Niliandika kama alivyosema Bibi, pamoja na ubani, misalaba minne, mkate na ndimu sita. Malimau Padre alisema yaachwe, Wakili akasisitiza yaandikwe, yakaandikwa. Barua kwa Askofu ingeandikwa kesho yake, na ungamo la saruji ndani yake. Simu ya mtu wa ukumbi iliita mara mbili mfukoni mwa Wakili, akaizima. Kisha akasema atatafuta vijana wanne wa kuhamisha mifuko asubuhi, waiweke chini ya mwembe kwa Karani kama Karani ataridhia. Karani aliridhia, kwa sharti kwamba mwembe haujawekwa wakfu na mtu asije akadai.

Bibi hajui kuandika. Alitia dole gumba chini ya maelezo yake, akalibonyeza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, wino ukamwenea mpaka kiganjani. Aliutazama, akamwita mjukuu wake aliyekuwa uani, akamtuma ndimu.